Dume wa Ufipa, mdudu aliyekosa oda

Mdudu ni mkavu. Hana mabawa, wala hana alama ya mahali ambapo mabawa yangeota. Vipapasio vyake ni virefu na vyembamba, uso umeelekea chini, mapaja ya mbele yamenenepa na yana miiba mifupi. Mwishoni mwa tumbo kuna vibanio viwili vilivyopinda, kwa hiyo ni dume, na amekomaa. Alitoka Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, mwaka 1950. Sasa ni mwaka 2001, yuko London katika Makumbusho ya Historia ya Viumbe, na anayemtazama ni Oliver Zompro, mwanafunzi wa Kijerumani aliyebobea katika wadudu-kijiti.

Si mdudu-kijiti. Si vunjajungu. Si panzi.

Alikuwa amekaa humo nusu karne. Mwaka 2002 Klaus-Dieter Klass, Zompro, Niels Kristensen na Joachim Adis walimtangaza katika jarida la Science, pamoja na jike mmoja kutoka Namibia, na kwa ajili ya hao wawili ikaundwa oda mpya: Mantophasmatodea. Tangu 1914 hakukuwa na mdudu aliye hai aliyeelezwa upya kisha akakosa nafasi katika oda zote zinazojulikana. Tukumbuke ukubwa wa daraja hilo. Vipepeo wote wa dunia, pamoja na nondo wote, ni oda moja tu.

Leo dume huyo anaitwa Tanzaniophasma subsolana. Spishi nzima inajulikana kwa yeye peke yake.

Hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Wadudu adimu ni wengi, na uadimu peke yake usingeninyima usingizi. Kinachoniuma ni kwamba mtu anaweza kumkuta kesho kwenye shina la nyasi huko Sumbawanga au Nkasi, amtazame vizuri kabisa, amwite tunutu wa vunjajungu, yaani mchanga ambaye hajakomaa, na kumwacha aende. Nimeandika makala haya kwa ajili ya mtu huyo.

## Jina lililo karibu

Katika mikusanyiko mingi ya wadudu kuna droo ya mwisho, ile ya vitu ambavyo vitashughulikiwa baadaye. Humo hujaa matunutu, kwa sababu kumtambua tunutu hadi spishi ni kazi ngumu na aghalabu haiwezekani. Mdudu asiye na mabawa huangukia huko kwa urahisi. Anaonekana hajakua, anafanana kidogo na huyu na kidogo na yule, na anayepanga droo ana maelfu ya wengine wanaomsubiri.

Zompro alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: tayari alikuwa amemwona ndugu yake. Ndani ya kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) ya Baltiki ya zama za Eosini, yenye umri wa makumi ya mamilioni ya miaka, alikuwa amechunguza mdudu wa namna hiyohiyo na kumwita Raptophasma kerneggeri. Kisukuku ndicho kilichomfundisha kumtazama mdudu wa Ufipa. Bila kile cha kwanza, nadhani hata yeye angemrudisha dume yule kwenye sanduku lake.

Kisha akapatikana jike wa Namibia, aliyekuwa amehifadhiwa ndani ya spiriti mjini Berlin tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Huyu alikuwa laini, kwa hiyo aliweza kufunguliwa. Tumboni mwake mlikuwa na mabaki ya wadudu. Dume mkavu alitoa umbo la nje na vibanio, jike wa kwenye spiriti akatoa viungo vya ndani na chakula. Kila mmoja peke yake angeacha mwanya wa mtu kusema kwamba ni kiwete wa jamii fulani inayojulikana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mapema mwaka 2002 msafara ulikwenda mlima Brandberg, Namibia, ukawakuta wakiwa hai ndani ya mashina ya nyasi, yaani mafungu ya mabua yaliyoota pamoja, kati ya mawe. Mwaka huohuo Mike Picker na wenzake wakatangaza kwamba wapo Afrika Kusini pia, tena kwa wingi, katika vichaka vya magharibi mwa nchi hiyo ambako wataalamu wa viumbe wamekuwa wakipita miaka nenda rudi. Leo spishi zinazojulikana zinakaribia 20 au zaidi kidogo, nyingi zikiwa za huko kusini.

Ufipa haikufuata.

## Anza na asichokuwa nacho

Mdudu wa oda hii nitamwita mtembea-kisigino, kwa sababu ambayo itaonekana mbele kidogo. Ukimpata mdudu unayemshuku, chukua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Hiyo inatosha kwa hatua zote za mwanzo. Ya mara 20 ni nzuri zaidi kwa miguu.

Tafuta mabawa kwanza, au vifuko vidogo vya mabawa mgongoni. Mtembea-kisigino hana kabisa, hata akikomaa. Lakini hapa ndipo wengi wanapoishia, na ni mapema mno. Matunutu wadogo wa karibu kila jamii hawana vifuko hivyo, na wapo panzi, wadudu-kijiti na vunjajungu majike ambao huzeeka bila mabawa. Kukosa mabawa kunakuambia uendelee kutazama. Zaidi ya hapo hakukuambii kitu.

Pili, tazama kati ya macho makubwa mawili. Panzi na vunjajungu waliokomaa wana vijicho vitatu vidogo vinavyong'aa hapo. Mtembea-kisigino hana hata kimoja. Tahadhari ni kwamba kwa matunutu vijicho hivyo huwa hafifu, na wadudu-kijiti wengi wasio na mabawa hawana pia.

Tatu, mguu wa mbele. Vunjajungu ana nyonga ndefu sana, karibu kama kiungo kingine kamili, na muundi wake hujifungia ndani ya mfereji wa paja mithili ya kisu cha kukunja. Mtembea-kisigino ana nyonga fupi. Paja lake limenenepa na lina miiba, lakini halina ule mfereji mrefu wenye safu mbili za meno makubwa. Kisha tazama mguu wa kati: nao una miiba ya kukamatia. Vunjajungu hukamata kwa jozi moja tu ya miguu, ya kati na ya nyuma ni ya kutembelea. Ukiona jozi mbili za mbele zote zimeandaliwa kwa mawindo, moyo una haki ya kuanza kudunda.

Nne, kifua. Kwa vunjajungu sehemu ya kwanza ya kifua imerefuka ikawa shingo ndefu. Kwa mdudu-kijiti iliyorefuka ni ile ya pili. Kwa panzi, nyenje na senene bamba la kwanza limeshuka ubavuni pande zote mbili. Mtembea-kisigino hana lolote kati ya hayo: mabamba yake matatu ya mgongoni yamefuatana, la kwanza ndilo kubwa.

Tano, paja la nyuma. Panzi, nyenje na senene wana paja nene la kurukia. La mtembea-kisigino ni refu na jembamba.

Mpaka hapa umeondoa mengi, lakini bado hujathibitisha kitu. Mdudu anayekataa majina yote anaweza pia kuwa tunutu aliyevunjika, aliyesinyaa au aliyekaushwa vibaya. Ndiyo maana inabidi kushuka hadi chini kabisa ya mguu.

## Wayo

Ukiwa na muda wa kutazama kitu kimoja tu, tazama wayo.

Wayo wa mdudu umegawanyika katika vipingili, na kuhesabu vipingili hivyo huokoa saa nyingi za kubahatisha. Panzi ana 3. Nyenje ana 3. Senene ana 4. Mende, vunjajungu na karibu wadudu-kijiti wote wana 5. Mtembea-kisigino naye ana 5, lakini vitatu vya kwanza vimeungana. Mipaka yake inaonekana kama mifereji tu, haikunji. Ukigusa wayo kwa ncha ya sindano laini, sehemu hiyo ya nyuma inasogea nzima kwa pamoja. Kwa vunjajungu kila kipingili kinacheza peke yake.

Juu ya kipingili cha tatu kuna kijembe kidogo kilichochongoka. Kati ya kucha mbili za mwisho kuna pedi kubwa, kubwa kupita kiasi kwa mdudu wa ukubwa huo, yenye safu ya nywele ndefu ukingoni.

Na anapotembea, pedi hiyo haigusi chini. Kipingili cha mwisho pamoja na kucha hubaki vimeinuliwa, mdudu anakanyagia nyuma ya wayo.

Hili unaweza kuliona kwa mdudu hai bila chombo chochote cha maabara. Mtie ndani ya chombo cha plastiki angavu chenye sakafu bapa, mwache atulie, kisha mtazame kutoka ubavuni. Usimhukumu akiwa anapanda ukuta wa chombo. Kwenye ukuta laini, au akipambana na mawindo, hushusha pedi na kuzibandika, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mtazame akiwa chini, akitembea polepole. Ncha zote sita zikiwa juu, usimwache aende.

Kwa mdudu aliyekwisha kufa kazi ni ngumu zaidi. Pedi ikikauka husinyaa na kujikunja, hasa kama mdudu alikaushwa juani au karibu na taa ya umeme. Mara nyingi kinachobaki wazi kwenye kielelezo kikavu ni ile mifereji ya vipingili vilivyoungana na kijembe. Tafuta hivyo, na usikate tamaa kwa sababu pedi haionekani.

## Ufipa ipi?

Hapa ndipo mawazo yangu yamekuwa yakirudi kila mara.

Ufipa ya mwaka 1950 ilikuwa wilaya pana. Uwanda wa juu, wenye nyasi, baridi na upepo, unapita mita 1,800 sehemu nyingi, na milima ya Mbizi inapanda zaidi. Upande wa mashariki ardhi inaporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 800. Magharibi inashuka kupitia miombo hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika, nako ni chini ya mita 800. Mdudu anayeishi kwenye nyasi za Mbizi hana sababu ya kuishi Kirando, huko ufukweni, na wa Kirando angepata taabu Mbizi.

Mdudu asiyeruka hafiki mbali. Watembea-kisigino wa kusini wanaonyesha jambo hilo vizuri: spishi nyingi zina eneo dogo, mlima huu una wake na bonde lile lina wake. Kwa hiyo neno Ufipa kama anwani ya spishi ya namna hii ni pana mno. Inawezekana makazi yake yote ni kilima kimoja.

Kipindi kile Rukwa ilikuwa ikitazamwa kwa karibu na watu wa wadudu. Bonde hilo ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, na shirika la kimataifa la kupambana nao liliundwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Zambia. Watu wenye nyavu na chupa walikuwepo huko wakati hasa aliopatikana dume wetu. Sisemi kwamba ni wao waliomwokota. Nasema tu kwamba anayepanga safari asikimbilie uwanda wa juu kwa sababu unapendeza na una barabara. Pembezoni mwa bonde pia pana haki ya kupekuliwa.

Nimejiuliza pia kama anwani yenyewe ni ya kweli. Kutoka Brandberg hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa mstari ulionyooka. Wenzake karibu wote wako kwenye ukame wa kusini-magharibi mwa Afrika, wengi mahali ambapo mvua hunyesha majira ya baridi. Ufipa mvua zake ni kuanzia Novemba hadi Aprili, na ni nyingi. Vielelezo vilivyobadilishana lebo ni jambo linalojulikana katika makumbusho yoyote ya zamani.

Kinachonirudisha upande wa kuamini ni dume mwenyewe. Klass na wenzake walipoipanga upya oda hii mwaka 2003, hakuingia vizuri katika kundi lolote la kusini, wakampa jenasi yake na familia yake, Tanzaniophasmatidae. Lebo iliyopotoka ingetarajiwa kumleta mdudu wa Namibia au wa Rasi ya Afrika Kusini aliyevaa anwani ya Tanzania. Huyu hafanani vya kutosha na hao. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inatosha kumtuma mtu uwandani.

## Miezi na saa

Wadudu hawa huishi mzunguko mmoja kwa mwaka. Mayai hulala ardhini wakati wa ukame, matunutu hutoka mvua zinapoanza, hukua nyasi zikiwa mbichi, hukomaa kuelekea mwisho wa msimu, huzaliana na kufa. Huko Rasi, ambako mvua ni za majira ya baridi, wakomavu huonekana Agosti na Septemba. Namibia, kwenye mvua za majira ya joto, msafara wa Brandberg uliwakuta mapema mwaka.

Tukiuhamishia mpango huo Ufipa, matunutu watatarajiwa Desemba na Januari, na wakomavu kati ya Machi na Mei mwanzoni. Kwenda Julai kwa sababu barabara ni kavu ni kwenda wakati ambapo pengine yamebaki mayai tu. Hiyo inaweza kuwa sababu ya kawaida kabisa ya kutopatikana kwake: miezi rahisi kwa gari ni miezi mibaya kwa mdudu.

Kwenda mapema mno nako kuna hasara yake. Tunutu hana vibanio vilivyokamilika wala viungo vya uzazi, na bila hivyo spishi haithibitiki. Akipatikana Januari, afugwe hadi akomae.

Usiku ni bora kuliko mchana. Mchana hujificha chini ya mashina ya nyasi, usiku hupanda kuwinda. Tumia taa ya kichwani, tembea polepole, tazama mabua kutoka ubavuni badala ya kuyamulika kutoka juu. Wavu wa kufagia nyasi huwakosa walio chini ya shina, kwa hiyo njia ninayoipendekeza zaidi ni kuinamisha shina zima juu ya shuka jeupe na kulipiga kwa fimbo mara tano au sita. Kisha usiondoke. Mdudu anayejificha huanguka na kutulia tuli, rangi ya majani makavu, na anayekung'uta shuka baada ya sekunde chache humtupa pamoja na takataka. Hesabu dakika tatu kabla ya kukung'uta. Anza na mashina yaliyo kati ya mawe au kwenye miteremko isiyochomwa moto mara kwa mara.

Mdudu wa urefu wa sentimita moja na nusu haonekani mtu akiwa amesimama. Piga magoti.

## Chupa, spiriti, penseli

Amepatikana. Saa moja inayofuata itaamua kama atafaa kitu.

Piga picha kwanza, akiwa hai, kwa sababu rangi ya kijani hugeuka kuwa ya majani makavu ndani ya spiriti, na hakuna anayeweza kuirudisha. Akikimbia, mweke kwenye baridi ya friji au boksi la barafu kwa dakika 10. Picha zinazohitajika: mgongo, ubavu, uso, wayo wa karibu, ncha ya tumbo kutoka juu na kutoka chini, zote zikiwa na rula kando. Picha ya mgongo peke yake, hata ikiwa safi namna gani, haitathibitisha chochote.

Kuhusu spiriti, usitegemee ile ya bluu ya kuwashia wala spiriti ya dawa iliyotiwa mafuta. Viambato vyake huacha utando juu ya mdudu. Pombe kali ya dukani ina asilimia 35 hadi 40, na humo mdudu huoza taratibu. Formalini hugandisha mwili na kuharibu vinasaba. Tafuta ethanoli ya maabara ya asilimia 96.

Sasa kuna mvutano. Ethanoli ya asilimia 96 hutunza vinasaba vizuri lakini hufanya viungo kuwa vikavu, miguu na vipapasio vinakatika ukivigusa. Ya asilimia 70 huuacha mwili laini, lakini vinasaba huharibika haraka zaidi. Kwa kielelezo kimoja cha thamani, gawanya: kata mguu mmoja wa nyuma wa kushoto kwa mkasi mdogo, utie kwenye kichupa chake chenye asilimia 96, na mwili uutie kwenye asilimia 70. Upande wa kulia ubaki mzima, ili kila kiungo kiwepo angalau upande mmoja. Usikate miguu ya mbele wala ya kati, miiba yake inahitajika. Usiguse vipapasio, kwa maana vipingili vya nchani vina umbo la pekee na ndivyo hukatika kwanza.

Kupata asilimia 70, chukua mililita 73 za ethanoli ya 96 na uongeze maji safi hadi ifike mililita 100. Spiriti iwe angalau mara 10 ya ujazo wa mdudu, na ibadilishwe baada ya saa 24, kwa sababu maji ya mwilini hutoka na kuipunguza nguvu. Hatua hii ya mwisho husahaulika kuliko zote. Mdudu anaonekana salama siku ya kwanza, na baada ya mwezi tumbo limelainika na kuvimba.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ngumu, iingie ndani ya chupa pamoja na mdudu. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka humo. Lebo ya kubandikwa nje hubanduka. Andika nchi, mkoa, wilaya, kijiji na jina la kilima, latitudo na longitudo kwa nukta nne za desimali, ambazo hukuweka ndani ya mita 11 hivi, mwinuko, tarehe, mwezi ukiandikwa kwa namba za Kirumi ili 3 na 4 zisichanganywe na siku, saa, namna alivyokamatwa, na aina ya nyasi. Kama hujui jina la nyasi, kata bua lenye ua na ulikaushe ndani ya gazeti, nambari ikiwa ileile ya mdudu.

Nambari hiyohiyo iende kwenye kichupa cha mguu. Mguu usio na mwili wake hauna maana.

## Ruhusa kabla ya safari

Nitapita hapa kwa haraka, lakini si jambo dogo. Utafiti Tanzania hupitia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na wa wanyamapori hupitia pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Msitu wa hifadhi wa Mbizi uko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Ardhi ya kijiji ina serikali yake ya kijiji, na ustaarabu ni kuanzia hapo, kwa sababu wazee wanaokata nyasi za kuezekea na vijana wanaochunga wanajua mashina hayo kuliko mgeni yeyote. Kuwaonyesha picha ya mdudu na kuwaeleza jinsi anavyokanyaga ni sehemu ya utafiti.

Na kielelezo kikipatikana, kiwe na makao nyumbani. Dume wa 1950 yuko London. Wa pili akikaa Dar es Salaam, mwanafunzi wa Sumbawanga ataweza kumtazama bila viza.

## Kama ni jike

Jike wa Tanzaniophasma hajaelezwa. Kwa hiyo jike akipatikana Ufipa, hakuna cha kumlinganisha naye moja kwa moja, na jaribu la kumpa jina la dume yule kwa sababu tu ametoka eneo lilelile ni kubwa. Lipingwe. Inawezekana Ufipa ina spishi mbili. Kinachounganisha jike na dume ni kuwakuta wakijamiiana, au vinasaba vya mguu wa jike kulinganishwa na vya dume mpya aliyepatikana mahali pamoja naye na ambaye vibanio vyake vinalingana na vya yule wa 1950.

Kwa sababu hiyo jike aliye hai asikimbizwe kwenye spiriti. Mfuge peke yake, maana hawa hulana. Chombo kiwe na mchanga mkavu wa kina cha sentimita 3, mashina machache ya nyasi za palepale alipotoka, na tundu za hewa zilizozibwa kwa kitambaa chepesi. Chakula ni nzi wadogo wa matunda au matunutu wadogo wa panzi, kila baada ya siku moja au mbili. Nyunyizia maji kidogo usiku upande mmoja tu wa chombo, kwa kuwa unyevu wa kila mahali huleta ukungu. Kiwekwe mbali na jua.

Kama alikwisha kupandwa, atataga ndani ya mchanga, mayai kadhaa kwa pamoja, yakigandishwa na povu na chembe za mchanga kuwa kifuko kigumu. Ukichekecha mchanga kwa chekecheo la chai, kifuko hubaki juu kikionekana kama bonge la udongo. Ndicho kitu kinachotupwa kwa urahisi kuliko vyote katika kazi hii. Kisivunjwe ili kuhesabu mayai. Kirudishwe kwenye mchanga mkavu, ndani ya chumba chenye baridi ya usiku ya huko juu, hadi Novemba. Wiki mbili au tatu bila kitu kutoka haziashirii kwamba mayai yamekufa, kwa sababu kulala kwao wakati wa ukame ndiyo tabia yao. Mvua ya kwanza ikinyesha nje, loweka mchanga wa chombo siku hiyohiyo, andika tarehe, na uwe na nzi wa matunda tayari, kwa sababu matunutu hutoka wakiwa na njaa na watakaokosa chakula watakulana wao kwa wao.